Hodi ya Mgeni Asiyekubali Kurudi



Kurasa kama hizi huhakiki vitabu, mashairi na hotuba. Leo nataka tuhakiki maandishi mafupi sana, ambayo hapana shaka umeyaona wiki hii zaidi ya mara moja, na huenda hujapata kuyasoma hata siku moja. Ni yale maneno yanayojitokeza juu ya kioo cha simu unapofungua tovuti: kwamba wenyewe wanathamini faragha yako, kwamba wao na washirika wao hutumia vidakuzi, na kwamba wanaomba idhini yako. Chini yake pana kitufe kikubwa chenye rangi ya kung'aa, kimeandikwa Kubali.

Maandishi haya yastahiki uhakiki kwa sababu mbili. Kwanza, hayakuandikiwa wasomi peke yao. Yamo mikononi mwa mama, mtoto na babu. Pili, mwenye kusoma shairi akalifunga hana deni na mtungaji, lakini mwenye kubonyeza Kubali amekwisha toa ruhusa, na ruhusa hiyo itatumiwa.

Si siku nyingi nilikuwa nimekaa barazani na dada yangu mkubwa. Alikuwa akitafuta katika simu namna ya kupika chakula fulani cha kigeni. Kibango kikatokea, naye akakibonyeza kwa kidole gumba upesi upesi, kama mtu afukuzaye nzi. Nikamwuliza, "Dada, wamekuuliza nini hao?" Akanijibu, "Mimi sijui, bwana. Ukikubali huondoka."

Jibu lile limenikaa moyoni. Katika yote niliyoyasoma juu ya vibango hivi sijaona uhakiki uliowagusa kama maneno yale mawili ya dada. Kwetu sisi ridhaa ni jambo zito. Juu yake husimama biashara na ndoa. Lau bibi arusi angeulizwa idhini yake, naye akaitikia kwa sababu tu akiitikia watu wataondoka mlangoni, nani angethubutu kuiita hiyo ridhaa?

Kidakuzi ni kitu gani

Yatupasa kwanza kukitendea haki kitu chenyewe, maana si kila kidakuzi kina ubaya.

Simu yako inapofungua tovuti, huzungumza na kompyuta iliyoko mbali, ambayo mafundi huiita seva. Mazungumzo hayo kwa asili yake hayana kumbukumbu. Kila ukurasa unaouomba, seva hukuona kama mtu mpya ambaye haijapata kumwona. Mwaka 1994 fundi mmoja wa kampuni ya Netscape ya Marekani, Lou Montulli, alitengeneza dawa ya usahaulifu huo. Seva huipa simu yako kijimaandishi kidogo, simu hukihifadhi, na kila ikirudi kwenye seva ile hukionyesha. Kazi iliyomsukuma ilikuwa nyepesi: kuiwezesha duka la mtandaoni kukumbuka mteja ametia nini ndani ya kikapu chake.

Tazama sasa mtu anapoingia katika akaunti yake, tuseme ya benki au ya barua pepe. Huandika jina lake na neno lake la siri. Seva ikiridhika, huipa simu yake namba ndefu isiyo na maana yoyote na isiyoweza kubahatishwa. Tangu hapo kila ukurasa anaoufungua, simu huonyesha namba ile, naye haulizwi tena. Ni kama kipande unachopewa hospitali mlangoni. Umekwisha jieleza mara moja. Dirisha la daktari, la maabara na la dawa watazama kipande tu. Pasipo namba ile, ungeandika neno la siri kwa kila ukurasa mpaka ukachoka.

Hiki ndicho kidakuzi cha kikao. Kilicho sahihi hufa unapotoka katika akaunti au unapofunga kivinjari. Wako ndugu zake wenye umri mrefu zaidi, wa siku au miezi, na hao ndio unaowaita kila utiapo alama penye maneno Nikumbuke.

Fahamu kwamba namba hiyo, wakati ingali hai, ni sawa na neno la siri lenyewe. Aliyeiiba huingia ndani ya akaunti yako bila ya kuulizwa kitu. Kwa hivyo mafundi waaminifu huisafirisha kwa njia iliyofungwa, huzuia programu zilizomo katika ukurasa zisiisome, na huipa maisha mafupi. Nawe una wajibu wako. Ukitumia simu ya kuazima au kompyuta ya dukani, usidhani kufunga ukurasa kwatosha. Tafuta palipoandikwa Ondoka, ubonyeze, ndipo uinuke.

Mpaka hapa hapana wa kulaumiwa. Kidakuzi cha namna hii ni amana baina yako na mwenye nyumba uliyoingia kwa hiari yako.

Lawama yaanza kwa namna ya pili. Kampuni ya matangazo, ambayo wewe hukwenda kwake wala humjui, huweka kipande chake cha ukurasa ndani ya maelfu ya tovuti za watu wengine. Kila ufunguapo mojawapo, simu yako huonyesha kwa kampuni ile namba ile ile. Basi hujua kwamba aliyesoma habari za kisukari alfajiri ndiye aliyeuliza mikopo adhuhuri, na ndiye aliyetazama nguo za arusi usiku. Huenda halijui jina lako, wala halina haja nalo. Mtu aliyekujua ugonjwa, deni na harusi ya mwanao amebakisha nini? Watu wengi hawakuwa na habari kwamba simu na kompyuta zao zinawekewa alama hizi mpaka mwaka 1996, magazeti yalipoanza kuandika.

Lugha ya kibango

Tuyarudie maandishi yetu, tuyasome neno kwa neno.

La kwanza ni kuthamini. Wanasema wanathamini faragha yako. Mwenye kuandika bila shaka alitaka kusema kwamba anaiheshimu. Lakini katika Kiswahili kuthamini kuna maana mbili, na ya pili ni kukitia kitu bei, kama mnada unapothamini vyombo vya marehemu. Nimeifikiri sentensi hii sana, na naona imesema kweli kwa maana ya pili. Faragha yako imetiwa bei, na ziko biashara ambazo hupiga mnada wake katika nukta ile ile ukurasa unapofunguka, ili anayetoa zaidi apate kukuwekea tangazo lake.

La pili ni kidakuzi. Kwa Kiingereza kitu hiki kina jina la biskuti, na jina la biskuti halimwogopeshi mtu. Wafasiri wetu walipotafuta neno wakatoa hili, na sikio la Mswahili husikia ndani yake udaku na mdakuzi, yaani yule azungukaye akichokonoa habari za majumba ya watu. Kwa kidakuzi cha kuingilia katika akaunti jina hili ni la uonevu. Kwa kile cha matangazo nadhani wafasiri walisema kweli zaidi kuliko wenyewe.

La tatu ni washirika. Katika biashara zetu mshirika ni mtu unayemjua uso, unayemjua baba, ambaye hasara ikija mtagawana. Fungua orodha ya washirika waliotajwa na kibango, na mara nyingi utakuta mamia. Mwenye tovuti mwenyewe hangeweza kukutajia kumi kwa moyo. Kuwaita watu hao washirika ni kuwavika kanzu ya heshima wasiyoifanyia kazi.

La nne ndilo linaloniudhi zaidi. Ukiwa na subira ya kufungua ukurasa wa pili wa kibango, mbele ya baadhi ya majina utaona imeandikwa maslahi halali. Hii ni istilahi ya sheria za Ulaya. Maana yake mwenye shughuli hudai anayo haja inayomruhusu kutumia habari zako bila ya kungoja idhini yako, maadamu haja hiyo haikuzidi haki zako. Lakini nyumbani kwetu neno halali si la wakili. Mama akiona halali juu ya pakiti ya nyama, moyo wake hutulia. Akiliona kwenye kioo cha simu hutulia vile vile, na hapo hutulia pasipo haki. Hata kwa sheria yao wenyewe, maslahi hayo hayamruhusu mtu kutia kidakuzi cha matangazo ndani ya simu yako. Hilo lataka idhini.

Baada ya maneno, tazama umbo. Kubali kimo mbele, kikubwa, chenye rangi. Kataa mara nyingi hakipo. Pana maneno madogo ya kijivu yasemayo Dhibiti mapendeleo. Ukiyabonyeza wakuta orodha ndefu ya swichi, uzizime moja moja, kisha utafute pa kuhifadhi. Kukubali ni mguso mmoja. Kukataa ni safari. Na wengine huongeza kitisho, kwamba ukikataa tovuti huenda isifanye kazi sawasawa. Hapa ndipo wanapochanganya kwa makusudi kidakuzi cha kuingilia na kile cha udaku, ili mtu aogope kwamba akimfukuza mdakuzi atafungiwa mlango na yeye.

Je, sheria ndiyo iliyotaka haya?

Husikia watu wakisema, "Ni sheria za Ulaya zimetuletea usumbufu huu." Maneno haya yana kweli ndogo na uwongo mkubwa.

Kweli yake ni kwamba mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo juu ya faragha katika mawasiliano, na mwaka 2009 ukalirekebisha ukasema: asiweke mtu kitu ndani ya chombo cha mwenzake, wala asisome kilichomo, ila kwa idhini yake baada ya kumweleza waziwazi. Lakini agizo hilo hilo likatoa mwanya. Kilicho cha lazima kabisa kwa huduma ambayo mtumiaji mwenyewe ameiomba hakihitaji idhini. Mwezi wa Juni 2012 jopo la wasimamizi wa faragha wa nchi hizo likafafanua kwamba kidakuzi cha kikao cha kuingilia kimo ndani ya mwanya huo, kwa sababu mtu aliyeandika jina na neno lake la siri amekwisha omba aingizwe. Kile cha kumkumbuka baada ya kikao kwisha hakimo. Hicho aulizwe, na kijisanduku cha Nikumbuke chatosha kumwuliza.

Tazama, ndugu msomaji, upambanuzi huu ulivyo mzuri. Kipande cha hospitali hakihitaji hodi ya pili. Mtu wa kando aandikaye nani ameingia hospitali, huyo ndiye wa kuomba ruhusa.

Kisha tarehe 25 Mei 2018 ikaanza kutumika kanuni kubwa ya Umoja wa Ulaya ya kulinda habari za watu. Hiyo yataka idhini iwe ya hiari, ya jambo mahsusi, yenye kueleweka, na ya kitendo kilicho wazi. Na yataka kuiondoa kuwe kwepesi sawa na kuitoa. Kampuni moja ya Ujerumani, Planet49, ilikuwa mwaka 2013 imeandaa bahati nasibu, na katika fomu yake kisanduku cha kukubali vidakuzi kilikuwa kimekwisha tiwa alama tangu mwanzo. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hiyo si idhini. Kunyamaza kwa mtu ambaye alama imetiwa kwa niaba yake hakuhesabiwi kuwa amesema ndiyo.

Ufaransa wakaenda mbele. Kwa maamuzi ya tarehe 31 Disemba 2021 tume yao ya faragha iliitoza Google yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60, kwa kosa lile lile tulilolitaja: mguso mmoja wa kukubali, na kadhaa wa kukataa. Mwezi wa Aprili 2022 Google ikatangaza kitufe cha kukataa yote kwa watu wa Ulaya. Basi kumbe yawezekana. Kilichokosekana miaka yote hakikuwa ufundi.

Uwongo wa maneno ya watu, kwa hivyo, ni huu: sheria haikuamrisha kibango cha kuchosha. Iliamrisha kuulizwa kwa kweli, nao wakauliza kwa namna ambayo jibu moja tu lina njia ya lami.

Lakini mhakiki asiwe wakili. Sheria nayo ina kosa lake. Imemtwika mwenye nyumba kazi ya kujibu hodi mia kwa siku, na mtu akishachoka hupoteza hata kile alichokuwa akikijua. Hilo limeonekana na watunga sheria wenyewe. Mwezi wa Novemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilileta mapendekezo ya kupunguza vibango, pamoja na kumwezesha mtu kuweka uamuzi wake mara moja katika kivinjari ukaheshimiwa kote.

Na sisi wa Pwani hatuko nje ya mambo haya. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ile ya Kenya yasema mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa uko juu ya aliyeichukua, na kwamba mtoaji aweza kuiondoa wakati wowote. Haki hizi zimeandikwa. Asiyezijua hatazidai.

Hodi ya kwetu

Juu ya kuomba ruhusa sisi hatukungoja mwaka 2002. Katika Surat Nuur, aya ya 27 na ya 28, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Na katika hadithi za Mtume s.a.w. twafundishwa kwamba hodi ni mara tatu. Usipopewa idhini, nenda zako. Na amebainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Si mguu unaoogopwa kwanza, ni kuona.

Wazee wetu waliyajenga maneno haya kwa mawe na chokaa. Nyumba za kale za Lamu zina daka nje, mahali pa mgeni kukaa, na ndani ya mlango tekani imegeuzwa, ili mlango ukiwa wazi jicho la aliyesimama lisifike kiwandani. Mgeni huheshimiwa, hupewa kahawa, naye haoni kitu.

Sasa tupime kibango kwa mizani hii. Hodi ya kwetu hukubali majibu mawili, karibu na rudi, na yote mawili hutamkwa kwa pumzi moja. Ya kibango ina jibu moja la pumzi na jingine la safari. Ya kwetu ni mara tatu. Ya kibango, ukikataa leo, mara nyingi hurudi kesho na keshokutwa, mpaka siku uliyochoka. Ukikubali mara moja, hukumbuka jibu lako kwa miezi. Jibu la kukataa husahauliwa, la kukubali huhifadhiwa, na kinachotumika kulihifadhi ni kidakuzi! Tena ya kwetu hutangulia jicho. Tovuti nyingi zimekamatwa zikiwa zimekwisha tia vidakuzi kabla mwenye simu hajajibu neno, mfano wa mtu apigaye hodi akiwa amekwisha kaa sebuleni.

"Mimi sina siri"

Wako wasemao, "Na wanione. Mimi sina la kuficha." Nawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza, siri zilizomo ndani ya simu yako si zako peke yako. Simu moja hutumiwa na mama, binti na mjukuu. Mwanamke akiuliza jambo la uzazi, kijana akiuliza jambo analoona haya kumwuliza baba yake, yote huingia katika hesabu ile ile. Kidole kimoja kimekubali kwa niaba ya nyumba nzima, na wenye sitara iliyofunuliwa hawakuulizwa.

La pili ni tukio lililotugusa sisi khasa. Iko programu ya simu iitwayo Muslim Pro, ambayo Waislamu wengi ulimwenguni huitumia kujua nyakati za sala na upande wa kibla. Mwezi wa Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard la Marekani lilifichua kwamba habari za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikifika kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo ilikuwa ikiwauzia habari za namna hiyo wakandarasi wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuwa wameliuzia jeshi kitu, wakatangaza kuvunja mahusiano na X-Mode. Habari hizo hazikupitia kidakuzi. Zilipitia kipande cha programu kilichotiwa ndani na mtu wa kando. Lakini ufundi ni ndugu na mwenendo ni mmoja: mtu amebonyeza Ruhusu apate kuelekea kibla, na ruhusa ile ikasafiri mahali ambapo hakuiagiza.

Mwezi wa Januari 2024 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi iliikataza X-Mode, iliyokuwa imebadili jina ikawa Outlogic, kuuza habari za watu waliokwenda mahali pa siri na heshima, na nyumba za ibada zimetajwa ndani yake. Mwenye kusema hana la kuficha, je, alipokwenda sala ya alfajiri alikuwa akificha kitu? Hakuwa akificha. Lakini hakuwa ameialika dunia imfuate.

Basi tufanye nini

Sitaki kukuachia lawama tupu. Yako mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa nyumba.

Kwanza, zoea kukataa. Usiogope, tovuti iliyojengwa kwa haki itakuingiza na kukuhudumia vile vile, kwa sababu kidakuzi cha kuingilia hakihitaji Kubali yako. Ikikataa kukufungulia ukurasa wa mapishi mpaka ikujue, umekwisha jua thamani yake, na mapishi yako kwingine.

Pili, funga mlango wa kando katika kivinjari chenyewe. Safari cha simu za Apple chazuia vidakuzi vya watu wa kando tangu Machi 2020 bila ya kuambiwa. Firefox nacho hujitahidi kuwazuia wafuatiliaji. Chrome cha Google, ambacho wengi wetu twakitumia, kiliahidi mwaka 2020 kuviondoa, kisha Julai 2024 wenyewe wakaghairi. Basi humo ingia katika mipangilio, sehemu ya faragha, uvizuie kwa mkono wako. Kama hujui, mwite kijana wa nyumbani akufanyie, naye akueleze anafanya nini.

Tatu, wafundishe watoto maana ya kitufe kabla ya kuwafundisha kukibonyeza. Mtoto wetu hujua kwamba haingii kwa jirani bila hodi. Ajue pia kwamba neno Kubali ni karibu anayoitamka yeye mwenyewe, kwa mtu asiyemwona.

La nne lawahusu wale miongoni mwetu wanaojenga tovuti za misikiti, madrasa, maduka na vyama vya arusi. Kwao ndiyo haja yangu kubwa, maana wengi wao hunakili kibango cha wengine bila ya kufikiri. Ndugu zangu, mwenye kuweka kidakuzi cha kuingilia peke yake, kwa wanafunzi au wanachama wake, hana haja ya kibango hata kimoja. Mweleze mtu kwa maneno mawili unahifadhi nini na kwa nini, yatosha. Haja ya kibango huja unapomkaribisha mtu wa kando, kwa ajili ya vijisenti vya matangazo au kwa ajili ya hesabu ya wageni usiyoitumia. Basi kabla ya kumtia mdakuzi ndani ya madrasa, jiulize kama ungemruhusu asimame mlangoni na daftari, akiandika kila mtoto aingiaye. Ikiwa mlangoni humtaki, kwenye tovuti wamtakia nini?

Nilimsomea dada makala hii kabla ya kuipeleka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyosha mkono akaitwaa simu, akaniambia nimwonyeshe hicho Kataa kiko wapi. Tulikitafuta pamoja kwa muda mrefu kidogo. Kilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, naye hakuwa na miwani yake.

Wabillahi tawfiq.